Somo: Kupanga jeshi la Waanglo-Saxon na la Waviking bila kuchanganya karne

Wakuu, naanza na aibu yangu. Nilitaka jeshi la sanamu ndogo za kuchezea vita mezani, la mfalme Alfred wa Wessex (ufalme wa Waanglo-Saxon huko Uingereza), lile lililomtandika Guthrum, kiongozi wa Waviking, pale Edington mwaka 878. Nikanunua maboksi mawili yaliyoandikwa "Saxon", nikakata, nikagundisha, nikapaka rangi watu 40. Ndipo nikagundua nusu yao wameshika ngao ndefu zenye umbo la tone la maji. Ngao hizo ni za karne ya 11, ndizo zimejaa kwenye kile kitambaa cha Bayeux, kilichotariziwa picha za vita vya 1066. Alfred alikufa mwaka 899. Nilizing'oa kwa koleo moja moja, na mikono mitatu ikang'oka nazo.

Hatua ya 1: Chagua mwaka kabla ya kuchagua sanamu

Kuanzia Waviking walipovamia monasteri ya Lindisfarne, Uingereza, mwaka 793 hadi vita vya Hastings mwaka 1066 ni miaka zaidi ya 270, na maboksi mengi huichanganya yote kama pilau. Wewe chagua vita vimoja. Ukichukua Edington, pande zote mbili zina ngao za duara, mikuki na mashoka ya mkono mmoja. Ukichukua vita vya Maldon, mwaka 991, ngao bado ni za duara, ila deraya zinaongezeka. Ukitaka 1066, hapo ndipo zinaingia ngao za tone, shoka kubwa la mikono miwili, na wale askari wa nyumba ya mfalme waitwao housecarl. Hao wanahusishwa na utawala wa Cnut, Mdenmaki aliyetwaa Uingereza mwaka 1016. Ukimweka housecarl kwa Alfred, umemzeesha miaka zaidi ya mia.

Hatua ya 2: Nunua maskini kwanza

Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa sababu sanamu zinazovutia dukani ni za matajiri. Mwaka 1008 mfalme Æthelred aliagiza kila "hide" nane zitoe kofia moja ya chuma na deraya moja ya pete. Hide moja ilihesabiwa kuwa ardhi ya kulisha kaya moja. Yaani kaya nane zinachangia kumvalisha mtu mmoja! Na hiyo ilikuwa amri, maana yake vifaa havikuwepo vya kutosha.

Kipimo changu mimi: katika watu 40 wa mwaka 878, wenye deraya sita au saba wanatosha. Kwa 1066 panda hadi 15. Waliobaki wavae kanzu fupi ya sufu, mkuki mkononi, ngao, basi. Upanga uwe wa wakubwa. Mkuki ndio silaha ya kila mtu.

Hatua ya 3: Tazama kichwa

Pembe, hapana. Zilienezwa na mavazi ya jukwaani ya opera za mtunzi Wagner mwaka 1876. Kofia ya Kiviking iliyo maarufu kuliko zote ilipatikana Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943: ya duara, na mbele ina kinga ya macho kama miwani. Kwa kuwa kofia za Kiviking zilizopatikana ni chache mno, mpe kiongozi mmoja, si kikosi kizima. Kofia ya Sutton Hoo, iliyotoka kwenye kaburi la Waanglo-Saxon, nayo ni nzuri mno, lakini ilizikwa mwanzoni mwa karne ya 7. Alfred angeiona ya mababu.

Hatua ya 4: Pima ngao kwa rula

Meli ya Kiviking ya Gokstad, Norwei, ilifukuliwa mwaka 1880 ikiwa na ngao 64, rangi nyeusi na njano, kila moja kipenyo cha karibu sentimita 94. Kwa sanamu ya milimita 28 hiyo ni kama milimita 16 au 17. Ikiwa na milimita 12 ni sahani ya chai. Mikuki ya plastiki pia huwa mifupi na minene. Mimi huitoa na kuweka waya wa chuma wa milimita 40 hivi.

Rangi za nguo nazipitia haraka: nyekundu ya mizizi, buluu ya woad (mmea wa kutoa rangi), njano, na kahawia za sufu yenyewe. Nyeusi tii usiitumie hovyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mombasa: Shukrani mkuu. Mbona Waviking wengi wanauzwa na manyoya mabegani na ngozi yenye vifungo vya chuma?

Jibu: Ni mavazi ya sinema, ndugu yangu. Chukua kisu cha kukatia, kwangua manyoya, zikibaki alama weka vazi la bega kwa putty (udongo laini wa kufinyangia).

Mwanachama, Dodoma: Sasa kama wote wana kanzu, mkuki na ngao ya duara, mezani nitawatofautishaje?

Jibu: Swali zuri, maana kweli walifanana. Anza na nywele. Kuna barua ya Ælfric, mtawa Mwingereza, inayomkaripia Mwingereza kwa kufuata mtindo wa Kidenmaki wa "shingo wazi na macho yaliyofunikwa", yaani kisogo kimenyolewa na nywele zimeachwa zishuke mbele. Vichwa vitatu vinne vya namna hiyo vinatosha. Kisha bendera: kunguru kwa Waviking, joka kwa Wessex.

Mwanachama, Nairobi: Mkuu, nikiweka mwanamke kwenye kikosi watanicheka?

Jibu: Wasikucheke. Kaburi Bj 581 la Birka, Uswidi, lenye silaha na farasi wawili, vipimo vya DNA vilivyotangazwa 2017 vilionyesha ni la mwanamke. Wataalamu wanabishana kama alipigana kweli. Mmoja mweke, kikosi kizima usiweke.

Mwanachama, Tanga: Na farasi?

Jibu: Walipanda kwenda vitani, wakashuka kupigana. Wafunge nyuma ya safu, wapendezeshe meza.

Mwanachama, Mwanza: Kaka, pesa yangu ni ya boksi moja tu. Ninunue upande gani?

Jibu: Boksi la plastiki la watu wasio na deraya. Miili ile ile inafaa pande zote mbili, badilisha vichwa na rangi za ngao. Ila kabla ya kulipa, omba picha ya fremu yenyewe (ile ya plastiki iliyoshika vipande), si ya jalada, uhesabu ngao za duara ni ngapi.