Kuziba viungo vya nguzo za lango la zamani

Nguzo za lango zikianza kumenyuka kama kitunguu, kuna fundi aliyekutangulia hapo na simenti. Nilikuta hivyo Ngara, Nairobi: nguzo mbili za mawe ya kuchonga, viungo vimezibwa kijivu, jiwe limelika na ile simenti imebaki imetokeza kama mbavu. Simenti ni ngumu kuliko jiwe la namna hiyo. Maji ya mvua yakishaingia hayapati pa kutokea ila usoni mwa jiwe, nalo ndilo linaloumia. Chokaa hupumua, huyaachia maji yatoke.

Mimi ni wa Mombasa. Lango la kwanza nililolitazama kwa jicho la fundi ni la Fort Jesus, lenye maandishi ya Kireno yanayotaja mwaka 1635. Ngome ilianza kujengwa 1593 kwa matumbawe na chokaa. Simenti ya mfuko ilikuwa haijazaliwa.

Kwanza piga picha pande zote. Kisha uliza kama lango limetangazwa kuwa turathi ya taifa. Kama ndivyo, sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya 2006 inataka ruhusa kabla hujaligusa.

Simenti itoe kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo. Grainda iache nyumbani, inakula kingo za jiwe. Chimba kina mara mbili ya upana wa kiungo. Kazi yenyewe iko hapa: nguzo moja ilinichukua siku tatu, na kila jioni mwenye nyumba ananiuliza, "Fundi, leo umejenga nini?" Sijajenga kitu, mzee, nabomoa.

Chokaa ya mfuko iloweke usiku kucha hadi iwe uji mzito. Vaa glavu na miwani, inachoma. Karai moja ya chokaa, tatu za mchanga wa mto uliochekechwa. Ukigeuza mwiko na mchanganyiko usidondoke, umeiva. Lowesha viungo, shindilia tabaka kwa tabaka, kisha funika kwa gunia bichi wiki nzima, ukinyunyiza asubuhi na jioni. Jua la Februari likikuwahi, utakuta chokaa imekuwa unga.

Usisahau bawaba. Chuma kilichozama kwenye jiwe kikishika kutu huvimba, kikapasua nguzo. Sugua mpaka king'are, paka rangi ya kuzuia kutu.

Geti zito usilirudishe mapema. La Ngara niliegemeza ukutani majuma matatu, na mlinzi kila usiku akilalamika kwamba analinda shimo.