Somo: Kugandisha tope la mtambo wa maji ili liachie maji

Wakuu, kama umewahi kutia shabu kwenye ndoo ya maji ya mto, tope hili unalijua. Juu maji yanang'aa, chini kimekaa kitu laini kama uji wa mtoto. Kwenye mtambo wa kusafisha maji linajaa madimbwi kwa madimbwi, na katika kilo 100 zake yabisi ni kilo 1 au 2 tu. Ukilikamua linapita na kitambaa. Mimi nafanya kazi Kanada, na huku dawa yake ni baridi.

1. Mwaga tope kwenye kitanda cha mchanga juu ya changarawe, chenye mifereji chini. Tabaka lisizidi sentimita 8.

2. Subiri ligande mpaka chini ndipo umwage jingine. Hapa ndipo nilipoharibu msimu wangu wa kwanza: niligonga juu kwa koleo, likalia kama jiwe, nikamwaga la pili. Kumbe chini bado uji. Joto liliporudi, pembe ile ilibaki kinamasi tupu. Siku hizi natoboa kwa nondo.

3. Theluji ikianguka, ifagie. Ni blanketi ile, inazuia baridi kushuka.

4. Joto likirudi, acha liyeyuke lenyewe, usikoroge. Maji yanachuja chini na kurudishwa mwanzo wa mtambo. Juu zinabaki chenga za kahawia kama machicha ya kahawa, unazoa kwa koleo.

Siri ni kwamba barafu ikijijenga hupokea maji peke yake, uchafu inausukuma kando. Chembe zinabanana hadi zinashikana, na maji zilizoyakumbatia yanaziponyoka. Jaribu nyumbani: tope la shabu kwenye chupa ya plastiki isiyojaa, friza usiku kucha, kisha liyeyushie juu ya kitambaa.

MASWALI

Mvua ikinyesha si litarudi uji?
Halirudi. Chenga zitalowa tu, kama mchanga.

Nikiligandisha haraka si ndiyo bora?
Hapana. Barafu ikienda mbio inazimeza chembe badala ya kuzisukuma. Polepole.

Niko Makete, nyanda za juu, Juni na Julai sakitu (umande ulioganda) inapiga. Itafaa?
Sakitu ya usiku saa tatu asubuhi imeshayeyuka, na imegusa juu tu. Hii inataka siku mfululizo chini ya sifuri.

Na Dar, kwa friza kubwa?
Piga hesabu: tani moja ya maji ili igande lazima uitoe joto la uniti 93 hivi (kilowati-saa, kama za umeme). Friza nzuri itakula pungufu ya hapo, lakini bili utaiona. Jua mnalo bure, tandazeni tope kwenye vitanda vya mchanga likauke.

Tope la choo je?
Maji litaachia vizuri tu, ila usidhani baridi imeua vijidudu. Mayai ya minyoo yanavumilia, kwa hiyo glavu na buti palepale, na usilipeleke kwenye mchicha.