Kubadilisha mauntingi za injini ukiwa nyumbani

Gari liko kwenye D, umekanyaga breki kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, na usukani unatetemeka mpaka dashibodi inalia. Ukihamisha gia kwenda R, kitu kinagonga chini ya boneti. Kwa IST, Vitz na magari madogo ya aina hiyo, mshukiwa wa kwanza ni mauntingi, yaani vile vishikizo vya chuma na raba vinavyobeba injini kwenye bodi. Joto hukausha raba, mashimo na matuta huichana, na oili inayovuja kutoka juu ya injini huilainisha mpaka ivimbe. Kama kuna oili inayovuja, ziba kwanza, la sivyo mauntingi mpya itakufa vilevile.

Pima kabla ya kwenda dukani. Vuta handbreki, fungua boneti, mwenzako aketi kwenye usukani akanyage breki kwa nguvu na kuhamisha gia: D, R, D. Wewe tazama ukiwa ubavuni, kamwe usisimame mbele au nyuma ya gari. Injini kuegemea kidogo ni kawaida. Ikinyanyuka na kugonga, raba imekatika. Lakini kama injini inakosakosa hata kwenye N, angalia plagi na koili kwanza.

Magari haya huwa na mauntingi tatu au nne: moja upande wa feni belti, moja upande wa giaboksi, na ile ya chini inayozuia injini isipindukie mbele na nyuma. Mara nyingi ya chini ndiyo huchoka mapema na ndiyo rahisi kufikia, kwa hiyo hata mwenye bajeti ndogo aanze nayo. Nenda Kariakoo au Ilala na ile ya zamani mkononi, au na namba ya chesisi. Mtumba ukague vizuri: ukiona ufa kwenye raba, au majimaji meusi kwenye zile zenye mafuta ndani, iache. Na ule ujanja wa kujaza vipande vya tairi hautengenezi chochote, unahamishia tu mtetemo kwenye bodi.

Usiku wa kuamkia kazi, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti, hasa kama gari hulala Kigamboni au Mbezi Beach kwenye hewa ya chumvi. Usiyapulizie raba.

Kazi yenyewe ifanyike injini ikiwa imepoa, gari likiwa kwenye sakafu ya zege iliyo tambarare, gia ikiwa P, magurudumu ya nyuma yamewekewa kabari. Chomoa waya wa hasi wa betri. Ukihitaji kuingia chini, gari likae juu ya stendi. Jeki si kitu cha kulalia chini yake.

Sasa egemeza injini. Weka ubao mpana kati ya jeki na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Jeki ikigusa sampu moja kwa moja, ya bati hubonyea na kuweza kuziba chujio la pampu ya oili, na ya alumini hupasuka. Ukishughulikia upande wa giaboksi, jeki na ubao vihamie chini ya giaboksi. Pandisha taratibu mpaka uzito utoke kwenye mauntingi, basi. Ukizidisha utavuta mipira ya maji na bomba la moshi. Dalili ya kipimo sahihi ni bolti kuzunguka kwa wepesi baada ya kulegezwa.

Fungua moja, funga moja. Ukizifungua zote kwa pamoja, injini itahama na utahangaika kutafuta matundu. Ingiza bolti zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Tundu lisipolingana, pandisha au shusha jeki. Usilazimishe kwa spana, maana nyuzi za alumini hufa kwa mara moja tu.

Kosa linalorudisha mtetemo ni kukaza moja kwa moja injini ikiwa bado juu ya jeki. Shusha kwanza, itikise kwa mikono ikae yenyewe, ndipo ukaze kwa kipimo kilicho kwenye kitabu cha gari. Ile ya chini ikikazwa ikiwa imepinda, raba yake huishi imejisokota na huchanika mapema.

Rudisha betri, hakikisha hakuna waya uliobanwa, kisha rudia lile jaribio la D na R. Kagua bolti tena baada ya kilomita 100 hivi.