Mmea wa kutambaa kwa varanda: kabla hujaangalia ua, angalia unapandaje juu

Nikipita kwa zile nasari za kando ya barabara hapa Kampala naona watu wanachagua mmea kwa rangi ya ua tu, basi, wanalipa wanaweka kwa boda wanaenda, alafu miezi sita baadaye mmea umelala chini kama kamba ya mbuzi. Swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: huu unapandaje juu, unashika kwa nini?

Pasheni iko na vile vinyuzi vya kujikunja kama springi. Kikigusa waya leo, kesho unakuta kishaizunguka mara tatu nne. Lakini kinataka kitu chembamba, waya ama kamba ya katani, ukiipa nguzo nene ya mkaratusi inashindwa kushika. Asumini ni shina lenyewe linajizungusha. Vanila inang'ang'ania kwa mizizi ya hewani, ndio maana wakulima wa Mukono wanaipandisha kwa miti ya kiroowa (mbono), inapata pa kushika na kivuli kidogo pia, kwa hiyo kama varanda yako haipigwi jua kali unaweza kuijaribu. Kuna na ule wa majani madogo unaojibandika ukutani kama plasta, huo kama umepanga achana nao kabisa, siku ukiung'oa unatoka na rangi ya landlord.

Bogenvilia sasa, hiyo haishiki kitu, inaegemea tu kwa miiba yake. Lazima uifunge. Mi natumia vipande vya chubu ya baiskeli ama kitenge kilichochoka, nafunga kwa namba nane, duara moja kwa shina moja kwa nguzo, shina libaki na nafasi ya kunenepa. Waya usifungie, itakata ganda.

Na hiyo bogenvilia ilinitesa. Miaka miwili nainyeshea kila jioni, samadi kila mwezi, majani ya kijani mazuri mpaka watu wanasifu, ua hata moja hakuna. Mama mmoja jirani, mtu wa Bombo, akaniangalia akacheka, "mwanangu, hiyo umeishibisha, itakuzalia ya nini?" Nikaacha maji Desemba yote na Januari, na kwa vile ilikuwa kiangazi haikupata hata ya mvua, Februari ikawaka ukuta mzima. Inataka jua la siku nzima na kiu kidogo. Alafu ujue ile rangi unayoipenda sio ua, ni majani yaliyogeuka rangi, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati.

Kupanda, ngoja mvua ya Machi ama ya Septemba. Shimo la sentimita 45 kila upande, udongo wa juu uchanganye na samadi iliyooza vizuri, ile mbichi bado ya moto inaunguza mizizi. Usipande kwa kubanana na ukuta, pale chini ya mabati mvua haifiki na udongo umejaa saruji, toka kama sentimita 40 alafu uulaze kidogo kuelekea ukutani. Kavera, ule mfuko wa plastiki wa mche, toa yote, kuna watu wanapanda nayo! Kama huna ardhi, jerikeni ya lita 20 iliyokatwa juu inatosha, ila toboa chini, na ya jerikeni inakauka haraka kwa hiyo maji uangalie kwa kidole kila siku.

Kukata usiogope. Bogenvilia ikimaliza kutoa ua, ikate. Pasheni inazalia kwa matawi mapya, ukiacha ya zamani yajazane unapata kichaka na magonjwa tu.

Alafu wale wanaolia pasheni yao inatoa maua bila matunda: kama ni ya njano na uko na shina moja, shida ndio hiyo, ile ya njano inataka poleni (ule unga wa ua, chavua) ya shina lingine, ya zambarau inajitosheleza. Wanaobeba hiyo poleni ni yale manyuki meusi makubwa yanayotoboa mbao za paa, ambayo sisi tunayafukuza na dawa. Mi niliyawekea gogo kavu nyuma ya jikoni, yakahamia huko, paa likapona na pasheni ikashika.