Nyimbo za Kwenda Nazo Dukani Unapopima Hedifoni

Hedifoni haipimwi kwa wimbo unaousikia kwa mara ya kwanza. Ukimwachia muuzaji achague, atakuwekea wenye besi nzito, sauti ikiwa juu, na sikio hukipenda chochote kinachosikika kwa nguvu zaidi. Nenda na nyimbo zako mwenyewe, tano au sita, unazozijua pigo kwa pigo. Kila moja iwe na swali lake.

Anza na faili. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde kwa kawaida hukatwa sauti zilizo juu ya hezi 16,000 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde; ikiwa nyingi, sauti ni nyembamba zaidi), na vyombo vyembamba hutoka na ukungu. Hutajua kama ubovu ni wa hedifoni au wa faili. Pakua kwa kiwango cha juu kabisa kwenye programu yako ya muziki. Kilobiti 320 hula takriban megabaiti 2.4 kwa dakika, kwa hiyo nyimbo tano za dakika nne nne ni kama megabaiti 48. Faili ya aina ya FLAC ni nzito zaidi lakini haipotezi kitu. Wimbo uliochomolewa kwenye video mtandaoni kisha ukabandikwa "320" haurudishiwi kilichokwisha kupotea, hata namba iwe kubwa kiasi gani.

Kisha zima ikwalaiza ya simu (kipandisha na kishusha besi na sauti za juu), kiongeza besi na kila kinachojiita sauti ya sinema. Unataka kusikia hedifoni, si mapambo.

Kabla ya kuhukumu, hakikisha imekaa vizuri. Kwa zile za kuingiza sikioni, jaribu saizi zote za mipira. Bonyeza taratibu kwa kidole: besi ikiongezeka ghafla, mpira ni mdogo na hewa inavuja. Kwa zile za kufunika sikio, miguu ya miwani, misuko minene au mtandio uliokunjwa huacha upenyo, na besi huondoka kupitia hapo. Wengi hulaumu hedifoni kumbe tatizo ni upenyo huo.

Sasa besi, ndiyo inayodanganya zaidi. Uzi mnene kabisa wa gita la besi la nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutoa noti ya hezi 41 hivi. Hedifoni dhaifu haifiki huko, kwa hiyo huvimbisha eneo la hezi 100 hadi 200, na kila noti hutoka na mvumo uleule. Chagua wimbo wa dansi au rumba ambao gita la besi linatembea badala ya kukaa kwenye noti moja, kisha jaribu kuuimba mstari wake kwa mdomo. Ukiweza kuufuata, na noti zote zikawa na nguvu inayokaribiana, besi ni nzuri. Noti moja ikiruka na nyingine zikimezwa, umeuziwa kishindo. Halafu weka singeli. Kasi yake hupita mapigo 200 kwa dakika, na hapo utasikia kama pigo linakoma kwa wakati wake au linaburuta mkia hadi kulifunika linalofuata. Amapiano ina swali jingine: ile besi inayoteleza kutoka noti hadi noti inashuka laini, au inakwaruza inapofika chini?

Sauti ya binadamu ndicho kipimo kikali kuliko vyote, kwa sababu sikio linaijua tangu utotoni. Karlheinz Brandenburg, mhandisi wa Ujerumani aliyekuwa miongoni mwa waundaji wa MP3, aliurekebisha mfumo huo kwa kuusikiliza "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, wimbo unaoimbwa bila ala yoyote. Sauti tupu haina pa kufichia kasoro. Wewe tafuta kwaya isiyo na ala, au kaswida ya sauti pekee. Kiswahili kimejaa s, sh na ch, na hizo ndizo za kutegea sikio: "asante", "sasa", "mashariki". Zikichoma, hedifoni imezidisha eneo la hezi 5,000 hadi 8,000. Zikififia kana kwamba mwimbaji amejifunika kanga mdomoni, limepunguzwa mno. Tumia waimbaji wawili, mwanamke na mwanamume, maana huenda ukali ni wa rekodi yenyewe. Ongeza dakika moja ya taarifa ya habari: msomaji akisikika na kifua kizito kuliko kawaida yake, besi imevuja hadi kwenye maneno.

Kwa kutenganisha vyombo, sijui kitu kinachoshinda taarab asilia ya Unguja, ya vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa na Culture Musical Club, iliyorekodiwa vizuri kwa stereo. Kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, hudonolewa na mlio wake hufifia haraka, fidla huvuta, akodioni hujaza katikati, udi na dumbaki viko chini yake. Chagua chombo kimoja, tuseme udi, ukifuate kwa dakika nzima fidla zote zikiwa zinalia. Ukikipoteza kila mara zinapoingia, hedifoni inachanganya. Sebene ya rumba, ile sehemu ya magita ya kuchezea, hutoa mtihani kama huo kwa magita: solo na ridhimu zinasukana, na zote mbili zinapaswa kubaki wazi.

Rekodi za zamani ziache kwa starehe. Santuri za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja aliyeanza kurekodi Bombay mwaka 1928, ni hazina, lakini ni za mono, yaani sauti ileile masikio yote mawili, na hazina besi ya chini wala wembamba wa juu. Haziwezi kukuonyesha kisichokuwemo.

Weka pia wimbo mmoja wa jukwaani wenye makofi. Yakisikika kama mchanga unaomwagika badala ya viganja vingi, shuku kwanza faili. Ikiwa faili ni nzuri, ndipo uishuku hedifoni.

Mwimbaji mkuu kwa kawaida hukaa katikati kabisa. Akiegemea upande mmoja, geuza hedifoni, kushoto kuwe kulia. Mwegemeo ukihama nayo, hedifoni ina kasoro au wavu wake umeziba nta. Ukibaki palepale, ni sikio lako.

Unapolinganisha mbili, sawazisha ukubwa wa sauti kwa kumsikiliza mwimbaji, si ngoma. Tofauti ndogo ya desibeli moja au mbili inatosha kuifanya mbaya ionekane bora. Sekunde 40 kwa kila wimbo zinatosha, na baada ya dakika kumi pumzisha sikio, kwani huanza kuzoea hata kasoro.

Kumwonyesha mgeni ni kazi nyingine. Anza na wimbo anaoupenda yeye, kwanza kwenye spika ya simu, kisha kwenye hedifoni, sauti ikiwa ya wastani. Atakutajia mwenyewe kile ambacho hakuwahi kukisikia. Baada ya hapo mpe kwaya au taarab. Besi iwe ya mwisho, maana ikitangulia, sikio litaikosa katika kila kitakachofuata.

Ukishanunua, ivae saa nzima mfululizo siku hiyohiyo. Kichwa kikibanwa au sauti za juu zikichosha, irudishe dukani ikiwa risiti bado inakubalika.