Mzee na tamasha la ngoma Dodoma: pa kukaa, cha kubeba na saa ya kuondoka

Kosa la kwanza hufanywa kwa nia njema. Mzee akifika uwanjani, vijana wa mapokezi humpa shikamoo, humshika mkono na kumpeleka moja kwa moja mstari wa mbele, kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa, mita tano kutoka kwenye spika. Ni heshima, hakuna ubishi. Lakini kwa mtu wa miaka 65 hapo ndipo pabaya kuliko pote: mdundo unampiga kifuani, jua la alasiri linamchoma usoni, na choo kiko ng'ambo ya umati. Baada ya saa mbili anaomba arudishwe nyumbani, na wanawe wanasema baba siku hizi hawezi tena mambo ya matamasha. Anaweza, ila amekalishwa pabaya.

Maelezo haya yanahusu matamasha ya Dodoma na jirani zake: Tamasha la Muziki wa Cigogo linalofanyika Chamwino tangu 2009, kwa kawaida mwezi Julai; burudani za viwanja vya Nanenane pale Nzuguni mwanzoni mwa Agosti; na maonyesho ya hapa mjini. Yote huangukia kiangazi, wakati wa jua kavu, upepo na vumbi mchana, na usiku baridi inayoweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14.

Pa kukaa

Kabla hujauliza kiti, uliza muziki wenyewe unapigwaje. Masikio yanayozeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba. Ngoma utaisikia hata ukiwa getini, ila maneno ya mwimbaji, nyuzi za zeze, na ule mkwaruzo mtamu wa ilimba (marimba ya vidole) unaotoka kwenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, hivyo hupotea mapema. Kwa hiyo vikundi vya asili vikipiga bila spika, sogea. Mita tano au sita ni pazuri, upande anaotazama mpigaji. Hata muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, na akina mama wakiwa wamebana ngoma mapajani, haukaribii makali ya spika ya jukwaani.

Spika zikiwashwa, rudi nyuma. Uwanjani pasipo kuta, kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua kama desibeli 6. Ikiwa mita tano kutoka kwenye spika kuna desibeli 100, mita kumi zitakuwa 94, mita ishirini 88, na mita arobaini kama 82. Kwenye desibeli 85 sikio huvumilia muda wa saa nane. Kila zikiongezeka 3, muda huo hugawanyika nusu, ndiyo maana kwenye 100 unabaki na dakika 15 tu. Mita arobaini ni kama hatua 60 za mtu mzima. Zihesabu ukitembea kutoka kwenye spika, weka kiti, mambo yameisha. Mbele utarudi zeze likirudi.

Vizibo vya masikio vya sponji vinasaidia kama vimevaliwa sawasawa: kisokote kati ya vidole hadi kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie kwa nusu dakika kitanuke. Kikiwa kinachungulia nje nusu nzima, hakijaingia. Ubaya wake ni kwamba kinakata zaidi zile sauti nyembamba ambazo tayari unazisikia kwa shida, kwa hiyo umbali ni dawa bora kuliko kizibo. Pamba ya kawaida haifanyi kazi ya maana. Anayevaa kifaa cha kusaidia kusikia apunguze sauti yake kabla ya spika kuanza, abebe betri za akiba, na akihifadhi kwenye kimfuko wakati wa vumbi jingi.

Sasa kivuli. Mwezi Julai jua la Dodoma hupita upande wa kaskazini, hivyo asubuhi kivuli cha mti hulala kusini-magharibi, saa sita kusini, na alasiri kusini-mashariki. Ukifika saa nne asubuhi ukaweka kiti palipo na kivuli wakati huo, saa tisa utakuwa unaungua. Weka upande wa kusini-mashariki wa mti, vumilia jua la mapema kwa kofia pana, na kivuli kitakufuata chenyewe. Na usidanganyike na mbuyu: ni mkubwa kweli, lakini kiangazi hauna majani, kivuli chake ni cha shina tu. Tafuta mwembe, mkwaju au mwarobaini.

Viti vya plastiki vina matatizo mawili. Miguu yake huzama kwenye mchanga, mara nyingi mmoja kabla ya mingine, na mzee huanguka kwa ubavu. Tena kiti kilichokaa juani miaka mingi huwa kikavu na hupasuka ghafla mguu wa nyuma mtu anapojiegemeza. Pandanisha viti viwili, kimoja ndani ya kingine. Vikipandana vinakuwa imara na vinapanda sentimita kadhaa, jambo linalosaidia sana magoti wakati wa kunyanyuka. Chini weka kipande cha ubao au mkeka uliokunjwa. Ukikaa, nyayo ziguse ardhi zote na mapaja yasiteremkie nyuma. Kigoda cha miguu mitatu kinapendeza kwenye picha, lakini kwa mwenye magoti mabovu kukinyanyukia ni kazi.

Kijana wa mapokezi akikushikia mstari wa mbele, usimkatalie kwa ukali. Mwambie, "Ahsante sana mwanangu, ila nisaidie kukisogeza hiki kiti hadi pale chini ya mwembe." Atakibeba mwenyewe.

Maji, dawa na vumbi

Hewa ya Dodoma ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona, na kwa mzee kiu hupungua nguvu. Usisubiri kiu, basi. Chukua chupa ya lita moja na nusu, ichore kwa kalamu ya wino mistari inayoigawa mara sita, na kila saa teremka mstari mmoja. Hizo ni mililita 250 kwa saa, zinatosha kwa aliyekaa kivulini. Ukicheza, ongeza. Wenye moyo dhaifu au figo waliopangiwa kiasi cha maji wafuate kiasi chao, na ratiba yao ya tamasha iwe fupi. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, au ukikaa saa sita bila haja, umechelewa tayari. Pakiti moja ya ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi, wala si kikombe. Huna pakiti? Lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawa na mdomo wa kijiko, bila mlima.

Vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo ndivyo vinavyowafanya wazee wengi waviache siku ya tamasha, kwa kuhofia choo. Kuacha ni hatari kuliko foleni ya choo. Wiki moja kabla, muulize daktari au mfamasia kama kidonge cha asubuhi kinaweza kumezwa jioni siku hiyo moja. Kwa wengine inawezekana, kwa wengine hapana. Wanaotumia dawa hizi hupata kizunguzungu wakinyanyuka ghafla. Kabla ya kusimama, chezesha vifundo vya miguu mara 15, simama, shika mgongo wa kiti, hesabu hadi 20, ndipo utembee.

Mwenye kisukari abebe sukari ya haraka mfukoni mwake mwenyewe, isiwe kwenye mkoba wa mjukuu. Akianza kutetemeka na kutoka jasho baridi, vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, apumzike dakika 15, na asipopata nafuu arudie, kisha ale chakula. Zabibu za Dodoma ni tamu kweli, na ndiyo sababu kichala kimoja kizima si kitafunwa cha kula kwa mazoea tu.

Insulini huharibika kwa joto, na pia huharibika ikigandishwa, kwa hiyo usiilaze juu ya barafu. Iweke kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, iingize kwenye chungu kidogo kilichofungwa kitambaa kilicholoweshwa, na uweke chungu kivulini panapopita upepo. Maji yanavyokauka kwenye kitambaa ndivyo ndani panavyopoa, na hewa kavu ya huku huifanya njia hii ifanye kazi vizuri kuliko pwani. Lowesha upya kila kitambaa kinapokaribia kukauka.

Kwa pumu, wachezaji mia wakikanyaga ardhi kavu vumbi halikwepeki. Kaa upande upepo unakotoka. Kiangazi mara nyingi ni mashariki au kusini-mashariki. Barakoa inasaidia. Wazee wengi hubonyeza dawa ya kupuliza na kuvuta pumzi kwa nyakati tofauti, dawa ikaishia kooni. Tengeneza kisaidizi: chukua chupa ya maji ya mililita 500, ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta. Toboa kitako chake tundu linalolingana kabisa na mdomo wa pampu, ziba pembeni kwa gundi ya utepe. Tikisa pampu, ichomeke, weka mdomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, kisha pumua taratibu mara tano ndani ya chupa hiyo. Tundu likiwa kubwa, dawa huvuja nyuma, na hilo ndilo kosa la wengi.

Viatu ni vya kufunika, soli nene. Mbigili na miiba ya migunga hupita kwenye kandambili kama hakuna kitu, na mwenye kisukari anaweza asisikie hadi jioni.

Choo

Watu hawapendi kulizungumzia, halafu ndilo linalowarudisha nyumbani mapema. Ukifika, kabla ya kukaa, nenda kakione. Angalia kama ni cha kuchuchumaa, kama kuna cha kushikilia, kama mlango unafungika, na kama njia ina kamba za mahema. Hizo huwaangusha wengi gizani. Nenda kikundi kikiwa katikati ya onyesho, si wakati wa mapumziko. Beba tochi ya kuvaa kichwani ili mikono ibaki huru, karatasi na maji yako. Kwa asiyeweza kuchuchumaa, fundi seremala anaweza kukata tundu kwenye kiti cha plastiki kipya. Kiti hicho husimamishwa juu ya shimo, na kikafungwa kwenye buti la gari hakuna anayejua ni cha nini. Akina mama wabebe khanga mbili za ziada.

Kufika na kurudi

Anayetoka Dar es Salaam apande treni ya SGR: kuna choo, unaweza kunyoosha miguu, bila kusubiri dereva aamue saa ya kuchimba dawa. Fika siku moja kabla.

Chamwino iko zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, njia ya Morogoro. Watu wanne au watano mkikodi Noah moja kwenda na kurudi, mmeondokana na bodaboda za usiku, ambazo kwa mzee hazifai kabisa. Patana na dereva mahali penye alama, kwa mfano duka fulani, usiseme "getini", maana getini kutakuwa na magari arobaini. Namba yake iandike kwenye karatasi. Simu janja huisha chaji, na mtandao hulemewa watu wakiwa wengi. Upande wa pili wa karatasi andika jina lako, magonjwa, dawa na namba ya ndugu. Uliza pia gari la dharura limeegeshwa wapi.

Ondoka nusu saa kabla ya kikundi cha mwisho kumaliza. Msongamano wa kutoka, giza, vumbi na magari yanayorudi kinyumenyume hukutana dakika hizohizo. Sweta na shuka vitoke kwenye mfuko jua linapozama, si ukishaanza kutetemeka.

Na kucheza? Cheza. Mabega yana kazi kubwa katika ngoma za Kigogo, na mabega yanachezeka hata ukiwa kwenye kiti. Ukiingia uwanjani, wimbo mmoja, kisha kaa nyimbo mbili. Kifua kikibana, au mdomo ukienda upande na maneno yakakwama, hakuna kusubiri wimbo uishe: hospitali.

Usiku huohuo kagua nyayo kwa tochi, katikati ya vidole pia, na osha pua kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi kidogo. Masikio yakilia mlio mwembamba, kwa kawaida hutulia kufikia kesho yake. Ukiendelea siku ya tatu, nenda kliniki ya masikio, na mara nyingine ongeza hatua 20 kutoka kwenye spika.