Ukiweka jiko la gesi, toboa tundu chini

Wenzangu wa Nakuru, kwa baridi hii ya Julai najua madirisha yanafungwa mapema. Fundi akija kukuwekea jiko la gesi, mwambie atoboe tundu la hewa la kutokea nje, chini kabisa karibu na sakafu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini, hivyo dirisha la juu pekee halitoshi.

Akimaliza, asitumie kiberiti kupima kama gesi inavuja! Koroga sabuni na maji, paka kwenye regyuleta na maungio ya mpira, kisha fungua gesi. Kwangu jana povu lilianza kuvimba pale kwenye klipu inayobana mpira, tukaikaza, likatulia. Tundu lenyewe liwekewe wavu wa panya, na msilizibe kwa gunia hata baridi ikizidi.